Kinywa Kimoja, Namba Mbili

Watu wakiniuliza Fundi ni mtu wa namna gani, huwa naanza na mashuka. Shuka la hospitali huchakaa katikati, pale anapolalia mgonjwa, lakini pembeni hubaki zima kana kwamba limetoka dukani jana. Mvivu hulitupa. Fundi hulikata katikati kwa urefu, akaligeuza, zile kingo nzima akaziunganisha ziwe katikati mpya, na pale palipochakaa pakawa pembeni, pakachomekwa chini ya godoro ambako hakuna atakayepaona. Shuka linarudi wodini na kuishi miaka mitatu mingine. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita kwenye chumba cha kushonea nyuma ya dobi, chumba chenye cherehani mbili, pasi inayopiga shoti na dirisha linalotazama bomba la moshi. Maisha yake nayo aliyaendesha vivyo hivyo.

Mimi ni karani wa masjala, mlango wa tatu kutoka kwake. Kazi yangu ni kutafuta mafaili na kugombana na madaktari wanaoyakalia. Mdomo wangu hauna breki, hilo linajulikana hadi mochwari. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma. Siku moja tu niliyotakiwa kusema, niliufunga.

Fundi ana mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, ambaye sote tulimwita Kinu kwa kuwa alisaga nafaka kiwandani miaka thelathini. Mashine ile ilimpa mshahara ikamla masikio. Alipostaafu alikuwa bado anasikia mlango ukibamizwa. Kisha hata mlango ukapotea. Mkewe akafariki mwaka uleule. Fundi akamchukua, akampa chumba cha uani, na Kinu akakaa humo miaka miwili akiutazama ukuta. Alikuwa anasoma midomo ya dada yake vizuri kuliko ninavyosoma mwandiko wa daktari, lakini midomo ya wengine hakuijaribu, kwa haya. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba kuuliza "nini?" mara tatu mbele ya watu, aliona heri akae na ukuta wake.

Kilichomtoa ni presha. Daktari alimwambia Fundi kwamba yeye na mdogo wake wote wawili wako njiani kuelekea kaburini, na dawa ya kwanza ni miguu. Hapo hospitalini palikuwa na kikundi cha matembezi, watu kumi na wawili, wafanyakazi na wagonjwa, tukienda msituni kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kinu akaja mara moja, akarudi nyumbani na matope hadi kiunoni, akala, akalala, na asubuhi Fundi akamkuta uani anapiga mswaki huku anaimba. Anaimba vibaya, maana haisikii sauti yake mwenyewe, lakini anaimba. Fundi alinisimulia hilo huku amejishika kifua.

Kiongozi wetu alikuwa askari mstaafu wa misitu. Tulimwita Filimbi, kwa sababu filimbi haikuwahi kumtoka shingoni. Nadhani hata kuoga alioga nayo. Yeye ndiye aliyetuwekea utaratibu. Kila mtu ana namba yake na nafasi yake kwenye mstari. Filimbi ikilia mara moja, namba zinapita kutoka mbele hadi nyuma, kila mmoja anaita yake bila kusimama wala kugeuka, kwa sababu ukigeuka kwenye njia ya mizizi unaangusha meno. Na alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata kwa daktari: asiyesikia filimbi haingii msituni. Alisema huko nyuma alishamzika mmoja.

Kinu akapewa saba, Fundi nane, mimi tisa. Masharti ya kikundi Fundi alimweleza mdogo wake mwenyewe, nyumbani, uso kwa uso. Siku ya kwanza filimbi ilipolia, nilisikia "sita" huko mbele, kisha pengo dogo, kisha Fundi akaikaza sauti ikawa nzito ya kiume: "Saba!" Na papo hapo, kwa sauti yake ya kila siku: "Nane!" Nilicheka nusura nikose kuita tisa. Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Ukawa wa miaka minne. Wengine walimdhani Kinu ni mtu wa haya asiyependa maongezi, na Fundi ndiye aliyemjibia hata salamu.

Niliwahi kumwambia, tena chumbani kwake, kitambaa cha wodi ya watoto kikiwa magotini mwake.

"Dada, kinywa kimoja namba mbili. Iko siku utakwama."

"Yuko hatua mbili mbele ya macho yangu," alinijibu bila kuinua kichwa. "Akipotea yeye, ujue nimepofuka mimi."

"Mwambie Filimbi basi. Labda ataelewa."

"Ataelewa, halafu atamtoa. Na akimtoa, wewe ndiye utakayekuja kukaa naye mbele ya ule ukuta?"

Nikamwambia pasi yake inanuka kuungua, nikaondoka.

Sasa Jumamosi yenyewe. Ilikuwa katikati ya masika, na Filimbi alitaka tuahirishe. Tukamcheka. Tulikuwa tumepata makoti mapya ya mvua, ya plastiki, ya buluu, kumi na mawili ya saizi moja, yenye kofia ya kuvuta hadi usoni, na watu wazima na akili zao walikuwa na hamu ya kuyavaa. Tulipojipanga langoni tulifanana kama mitungi ya gesi. Mfamasia wetu, ambaye ni namba sita na ni mwembamba kama Kinu, alijitazama akasema sasa hata mkewe hatamjua. Tulicheka na hilo pia. Mungu atusamehe.

Msitu wa masika si ule wa kiangazi. Njia inakuwa utelezi mtupu, mizizi inang'aa kama imepakwa mafuta, na majani juu yamefungana hivi kwamba mvua ikikatika bado inaendelea kunyesha huko chini nusu saa nzima. Ruba wanapanda viatu. Tuliingia saa mbili asubuhi, na saa tatu na nusu tukavuka mto. Ni mto mdogo, unavuka kwa kukanyaga mawe, na asubuhi ile maji yalikuwa chini ya magoti. Ng'ambo yake kuna mwamba uliojitokeza kama paa, hapo ndipo tunapopumzika.

Tukakaa pale. Fundi akateremka tena mtoni kuosha matope kwenye viatu. Kinu alimwona akiteremka. Kisha Fundi akapandia upande wa pili wa mwamba, akaingia kichakani kujisaidia, na huyo Kinu hakumwona. Hapo ndipo mvua ikafunguka. Haikuanza na matone. Ilishuka yote kwa pamoja. Watu wakavuta kofia usoni, Filimbi akapiga kelele tusimame kwenye mstari, tuondoke kabla njia ya juu haijaharibika. Fundi akatoka kichakani anafunga koti, akaona mgongo wa buluu mbele yangu, akajipachika katikati. Nami nikamfuata. Mgongo ule ulikuwa wa mfamasia.

Naomba mnielewe, maana wengi wameniuliza ilikuwaje. Mvua ikipiga plastiki iliyofunika masikio yako, dunia nzima inakuwa kelele moja. Filimbi ililia, "sita" ikaitwa, na usingeweza kujua kama imetoka hatua mbili mbele au tano. Likaja pengo lile dogo, lilelile la miaka minne. Na Fundi akaitika: "Saba! Nane!" Nami nikaita tisa. Tukapanda. Filimbi ililia tena kwenye mti wa alama, ikalia tena kwenye gogo lililoanguka njiani. Mara tatu namba zilipita zote kumi na mbili, na tulikuwa watu kumi na mmoja.

Saa tano tukafika bandani juu ya kilima. Kuna paa la bati na mabenchi mawili. Watu wakaanza kuvua kofia, wakajikung'uta, mfamasia akavua yake na kugeuka kumwomba Fundi kitambaa cha kujifutia miwani.

Fundi alimtazama usoni muda mrefu. Kisha akaanza kutazama nyuso nyingine, moja baada ya moja, akarudia, akaenda hadi nyuma ya banda, akarudi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mdogo wangu," kama anayejikumbusha kitu alichotumwa dukani.

Filimbi ni mtu wa kazi. Hakuhangaika. "Saba ameitika pale kwenye gogo," akasema. "Hiyo ni robo saa haijafika. Kwa hiyo ametoka njiani kati ya gogo na hapa. Mama, wewe ndiye wa nyuma yake. Saba uliisikia pale kwenye gogo?"

"Niliisikia," alisema Fundi.

Na hakusema uongo, ndicho kinachonichoma. Aliisikia. Ilitoka kooni mwake mwenyewe.

Filimbi akatugawanya wawili wawili, yeye akabaki peke yake, kila kundi na upande wake. Tukaanza kuita. Kama hujawahi kumwita kiziwi msituni, sijui nikuelezeje ujinga niliouona ndani yangu. Watu wazima kumi wanapiga mayowe hadi mishipa ya shingo inasimama, filimbi inalia mara tatu, kimya, inalia mara tatu, kimya, na mimi najua. Ninajua kwamba hata tukileta tarumbeta za siku ya kiyama hatatusikia. Na ninaita. Niliita kwa nguvu kuliko wote.

Nilikuwa na Fundi. Nikamshika mkono nyuma ya mti.

"Dada, sema."

"Yuko karibu. Atatokea."

"Mara ya mwisho umeuona uso wake wapi?"

"Nimeona koti lake hapo kwenye gogo."

"Koti la mfamasia hilo!"

Akaanza kulia bila sauti, mdomo wazi, mvua ikimwingia. "Wakijua, hatatembea tena. Watamtoa. Atarudi kwenye ukuta, na safari hii hatatoka. Nipe muda kidogo tu. Tutamkuta, halafu hakuna atakayejua."

Ningeweza kusema mimi. Filimbi alikuwa umbali wa hatua ishirini, namwona kabisa akiinama kutafuta nyayo. Lakini siri ilikuwa ya Fundi, nikajiambia, si yangu kuitoa. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi natunza mafaili ya watu walioficha maradhi, naijua methali hiyo kuliko jina langu. Nikanyamaza. Tukatafuta mahali asipokuwepo saa nzima na nusu.

Saa sita na nusu tukakutana tena bandani. Sauti zimetukauka. Mfamasia alikuwa amechanika shavu. Filimbi akasimama akiutazama ule mteremko tuliopandia, akasikiliza. Kwa mbali chini kulikuwa na ngurumo ambayo asubuhi haikuwepo.

"Ule ni mto," akasema. "Mvua hii ikipiga juu milimani, unafura kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Tushukuru jambo moja tu, kwamba alivuka na sisi na akaitika huku juu. Angebaki kule chini, sasa hivi ningekuwa natafuta maneno ya kuwaambia ndugu zake."

Fundi alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya udongo, mikono kichwani.

"Mzee, saba nilikuwa mimi."

"Unasemaje, mama?"

"Saba zote. Za leo na za miaka yote. Mdogo wangu hasikii. Hasikii filimbi, hasikii radi, hasikii kitu. Ni mimi niliyekuwa namwitikia."

Mfamasia akasema polepole, bila ubaya, "Sasa tulikuwa tunamwita nani?" Filimbi hakutukana. Ningefurahi angetukana. Alikaa kwenye benchi, akaivua filimbi shingoni, akaitazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Uso wake uliuona wapi mara ya mwisho?"

"Mwambani. Kabla sijaingia kichakani."

Akahesabu kwa vidole. Alipofikisha muda wa saa tatu akaacha kuhesabu. "Teremkeni," akasema. "Wote. Sasa hivi."

Hatukuteremka, tulibiringika. Fundi alikuwa mbele, mwanamke wa miaka sitini na tano mwenye presha na goti bovu, na hakuna aliyeweza kumpita. Alianguka, akainuka, akaanguka. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope, hakurudi kukichukua. Alikuwa anazungumza njia nzima, na mwanzoni nilidhani anaomba dua. Alikuwa anajitukana, kwa maneno ambayo sikujua kwamba anayajua.

Tulipofika mwambani hapakuwa na mawe tena. Mto ulikuwa umeyafunika yote, mwekundu, mpana mara tatu ya asubuhi, unabeba matawi mazima. Na kupitia mshindo wake tukasikia kitu.

"Dadaaa!"

Ilikuwa sauti ya ajabu, isiyopanda wala kushuka, sauti ya mtu asiyejisikia, na ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imeitwa saa nyingi. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anaita siku nzima, na sisi tulikuwa juu kilimani tunapiga kelele zetu.

Kinu alikuwa ng'ambo ya pili. Amesimama ndani ya maji hadi mapajani, mkono mmoja umeshika mzizi wa mti, mwingine umeshika fimbo ndefu. Alikuwa anaizamisha ile fimbo ndani ya maji, anapapasa, anaitoa, anasogea kidogo, anaizamisha tena. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa anamtafuta dada yake chini ya mto.

Alimwona akiteremka mtoni asubuhi. Alipogeuka baadaye hakumwona. Mvua ikaanza, mstari ukaondoka, na yeye akateremka kumtafuta. Alipomkosa upande huu akavuka kwenda upande wa pili, maji yakiwa bado magotini, na mto ukafura nyuma yake.

Tulipiga mayowe. Naam, tulipiga tena, wote kumi na mmoja, kwa mtu tuliyeambiwa hasikii. Alikuwa ametugeuzia mgongo, anatazama maji yanakoelekea. Filimbi akarusha mawe ili ashtuke, lakini jiwe kwenye maji yale halirushi hata tone la kuonekana. Kinu akasogea hatua moja. Maji yakamfika kiunoni na ule mzizi ukamtoka mkononi, akayumba, akaudaka tena. Filimbi akaziba uso. "Hatua moja nyingine," akasema, "basi."

Fundi hakuwa nasi tena. Alikuwa amekwisha kukimbia ukingoni kufuata mkondo, anapasua vichaka kwa mikono, ili afike mbele ya macho ya mdogo wake. Nikamfuata. Alipompita hatua kadhaa alilivua lile koti la buluu akalitupa, maana ndani ya lile koti angeweza kuwa mtu yeyote. Akasimama na gauni lake limemganda mwilini, mvi zake wazi, mguu mmoja peku.

Kinu akainua macho kutoka majini na kumwona.

Sitaisahau ile sura. Fimbo ilimdondoka. Alicheka, nadhani alicheka, mdomo ulifunguka wote, na akaanza kuja. Alinyanyua mguu ili amjie dada yake, moja kwa moja, kama vile katikati yao hapakuwa na kitu.

Mimi nilipunga mikono kama mwendawazimu. Fundi hakupunga. Alikaa chini. Alijiachia akakaa kwenye tope, akanyoosha miguu, akaweka mikono mapajani, akamkazia macho. Midomo yake ikasema bila sauti, kila neno peke yake: "Rudi. Kaa. Mimi. Sitoki. Hapa."

Kama Kinu aliisoma midomo kwenye mvua ile au aliusoma mwili tu, sijui. Ule mguu ukarudi chini. Akasimama muda wa pumzi kumi, ishirini, maji yakimvuta. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, mkono kwa mkono juu ya ule mzizi, hadi akapanda ukingoni, naye akakaa chini, uso kwa uso na dada yake.

Filimbi na wawili wengine wakaondoka kwenda kuzunguka kwenye daraja la magogo huko juu. Waliobaki waliwekwa mwambani. Mimi nikakaa na Fundi. Tulikaa hivyo kwa muda wa saa moja na nusu, na katika muda wote huo hakuondoa macho kule ng'ambo hata kupangusa maji. Kinu alikuwa anatetemeka hadi tukaona kwa umbali ule meno yanagongana. Kisha kutetemeka kukapungua, na kila mfanyakazi wa hospitali anajua kwamba hiyo si habari njema. Kichwa kilianza kumwinama. Kila kilipoinama Fundi alinyanyua mikono yote miwili, akasubiri hadi kichwa kiinuke, akaishusha.

"Ungesema mapema," nilimwambia. Sijui kwa nini nilisema. Mdomo wangu ulikuwa umerudi, baada ya kazi kwisha.

"Na wewe," alisema.

Hatukusema tena hadi tulipomwona Filimbi akitokea miongoni mwa miti kule ng'ambo, akamfunika Kinu kwa koti lake mwenyewe, akambeba mgongoni kama gunia.

Saa kumi na mbili jioni, baada ya sisi wengine nasi kuvukia kwenye lile daraja, tulikuwa wote ndani ya kibanda cha walinzi langoni. Kuna benchi, jiko la mafuta ya taa na kalenda ya mwaka juzi. Kinu alilazwa kwenye benchi, amefungwa mablanketi mawili, na mfamasia alikuwa anamnywesha chai ya moto kijiko kwa kijiko. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia midomoni. Fundi alikuwa amepiga magoti kando yake, anamsugua miguu. Alikuwa anacheka na kulia, na wengine wote tulikuwa hivyo hivyo. Kinu alikuwa anasema neno lilelile, kwa ile sauti iliyokwisha: "Nilidhani umekwenda na maji. Nilidhani umekwenda na maji, Dada."

Filimbi hakuwa na hasira. Alikuwa ameguswa, nadhani, kwa kuwa mtu yule alikuwa ameingia mtoni kumtafuta nduguye. Lakini ni mtu wa utaratibu, na alitaka kuelewa. Akachukua fomu ya wageni, akaigeuza nyuma, akaandika kwa herufi kubwa ili Kinu asome. Nilisoma kutoka begani mwake: *Kwa nini hukungoja pale mwambani? Hukujua kwamba saba ikikosekana tunasimama wote?*

Kinu alisoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Akamrudishia karatasi, akauliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, chumba kizima kikasikia.

"Saba ni nini?"

Mikono ya Fundi ikasimama juu ya miguu yake.

Kinu alitutazama mmoja mmoja, akaona hakuna anayemjibu, akamgeukia dada yake kama kawaida, maana yeye ndiye aliyekuwa anamweleza mambo. "Dada, saba ni nini?"

Hapakuwa na pa kugeuzia. Fundi akainua uso wake hadi usawa wa macho ya mdogo wake, akaeleza, taratibu, kwa midomo iliyo wazi. Kwamba kuna kuhesabiana. Kwamba kila mtu ana namba. Kwamba yeye, Kinu, alikuwa saba. Kwamba filimbi hulia, na watu huitika.

"Hukuniambia," alisema Kinu. "Uliniambia nikae mbele yako tu."

"Nilikuwa nakuitikia mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Alifikiri. Uliona kabisa anaipanga ile miaka minne upya, Jumamosi moja baada ya nyingine, zile asubuhi alizodhani ni mtu kama watu wengine kwenye mstari. "Ningejua kama kuna namba," alisema, "nisingerudi mtoni. Ningejua kwamba mtanikosa." Kisha akanitazama mimi. Mimi nilikuwa tisa, nyuma yao wote wawili. "Na wewe ulijua?"

Nilitazama kikombe changu cha chai.

Kinu akafumba macho. Hakulala. Aliyafumba tu, akayakaza, akageuzia uso ukutani. Fundi alimshika bega, akamtikisa kidogo, lakini hakuyafumbua. Naye akaendelea kumweleza hivyo hivyo, magoti chini, akitamka kila neno taratibu na midomo wazi kama alivyozoea, kwamba alimwogopea, kwamba alitaka atembee, na kwamba anaomba msamaha, na mimi mwenye masikio mazima nikakaa pale nikayasikia yote.